Mtoto Asiyekaliwa Matanga

Watu wa Baleni wanasema Zuleikha alikuwa na pepo. Wanasema kisimani, wanasema wakikuna nazi, na wakiniona napita wanajitia kuzungumza habari za mvua, maana wananijua. Basi nasema mbele ya kila mwenye masikio: hakuwa na pepo. Mimi Kidawa ndiye somo wake. Alipovunja ungo ni mimi niliyekaa naye ndani, nikamfunza usafi, nikamfunza mambo ya nyumba na ya mume, na siku ya harusi nikamkabidhi nimemshika mkono, kwani mama yake alikuwa ameshakufa. Kwetu usomo hauishii harusini. Ukishakuwa somo wa mtu, aibu yake ni yako na uchungu wake ni wako mpaka mmoja wenu aingie kaburini.

Nilimkabidhi kwa Muhsin bin Awadh, mtu wa mashamba ya minazi, ambaye babu yake alitoka Maskati. Muhsin si mtu mbaya. Hapigi, hatukani, si bahili. Kasoro yake ni moja: kila jambo la nyumbani kwake alimwachia mama yake, Bi Mwanamkuu, na nadhani hata jogoo wa nyumba ile alimwomba Bi Mwanamkuu ruhusa kabla ya kuwika.

Haya ninayoyasimulia yalitokea zama za Mdachi, boma likiwa bado Chole. Zuleikha alikuwa na mimba yake ya kwanza. Siku zilipokaribia, kaka yangu akaugua sana kule Bwejuu, ikabidi nivuke kwenda kumuuguza. Bahari ikachafuka, hakuna nahodha aliyekubali kunirudisha, na niliposhuka pwani tena mambo yalikuwa yamekwisha. Mtoto alizaliwa kimya. Hakulia hata kidogo.

Sasa sikilizeni walivyofanya. Mkunga alimfunga mtoto kwenye kitambaa cheupe, akampa Bi Mwanamkuu, Bi Mwanamkuu akampa Muhsin, na Muhsin akatoka naye kwa mlango wa uani. Mama mtu alikuwa amelala hajitambui kwa damu iliyomtoka. Alipozinduka, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya na vinguo vyote alivyovishona vimeondolewa. Mtoto asiyelia hasaliwi, ndivyo walivyosema, na asiyesaliwa hakaliwi matanga. Kwa hiyo hakuna jamvi lililotandikwa, hakuna kahawa iliyopikwa, hakuna jirani aliyeingia kutoa pole ya msiba, akasema makiwa. Zuleikha aliambiwa ashukuru. Aliambiwa akilia anamkosea Mungu. Maziwa yakamjaa kifuani yakalowesha kanga, hakuna wa kuyanyonya, na Bi Mwanamkuu akasema, "Mfungeni kitambaa, yatakauka."

Nilimkuta ameegemea ukuta. Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: "Somo, wamemzika wapi?"

Nikaenda kumuuliza Bi Mwanamkuu. Nilimwamkia kwa adabu zote, maana nilijua naomba. Akaitika marahaba, kisha akanieleza kwamba kwao mama akilijua kaburi la mtoto asiyelia, tumbo hufungika, hazai tena. Kwa hiyo Zuleikha haambiwi, na mimi siambiwi, kwa sababu mimi nina mdomo. Muhsin naye nilipomuuliza aliyatazama makubadhi yake kama vile kaburi limo humo.

Zuleikha alimuuliza mumewe wiki baada ya wiki. Mwisho akaacha kuuliza, na alipoacha kuuliza akaacha na mengine. Aliacha kusuka nywele. Aliacha kuoga mpaka nije nimburute. Chakula alikigusa kwa kidole akakisukuma. Usingizi ulimkimbia, alfajiri ikamkuta macho wazi. Akifua alisahau kama anafua, mikono imo kwenye maji na yeye hayupo. Siku moja aliniambia, "Somo, sioni uchungu. Ningeona uchungu ningelia. Naona uzito tu, kama nimefunikwa jamvi lililoloa." Mtu anayeweza kusema hivyo ana akili zake zote. Ameumia, basi. Nao walimwona ameumia, wakamtafutia dawa za kila namna isipokuwa ile aliyoiomba kwa mdomo wake.

Kwanza lilikuja kombe. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, Zuleikha akanywa. Sina neno na maneno ya Mungu. Neno langu ni kwa mwalimu, ambaye alikaa nyuma ya pazia, akaandika, akanawa mikono, akaondoka, asiulize hata limempata nini mwanamke huyu.

Kisha tukasikia kwamba daktari wa Kidachi amefika Chole kuchanja watu ndui. Muhsin akampeleka, nami nikafuatana nao. Tulikwenda mpaka Utende, tukavuka. Daktari alimpanua macho kwa vidole, akamtazama ulimi, akamuuliza mkalimani kama mgonjwa ana homa. Mkalimani akamuuliza Muhsin. Muhsin akasema hana. Wakazungumza hivyo wanaume peke yao juu ya mwanamke aliyekaa katikati yao, hakuna aliyegeuza uso wake kumwelekea, wakampa unga mchungu uliofungwa kwenye karatasi, tukarudi. Njia nzima nilikuwa nimekaza meno. Mkalimani alikuwa mtoto wa pwani kama sisi, anajua Kiswahili kama sisi, na hata yeye hakuona kwamba mgonjwa ana ulimi kwa kazi nyingine zaidi ya kutazamwa.

Ndipo Bi Mwanamkuu akakata shauri: hili ni pepo, aitwe Shamte.

Shamte alikuwa fundi wa kupunga pepo kutoka Juani, na sisemi kwamba alikuwa mwongo. Ngoma zake zimewapoza wengi, nami nimezicheza. Kazi ya fundi inajulikana. Mgonjwa, ndiye mwele, hufukizwa ubani, ngoma hupigwa, pepo hupanda kichwani, na akishapanda huulizwa jina lake na haja yake. Akitaka nguo nyekundu, inaletwa. Akitaka kondoo, anachinjwa. Na hapo ndipo roho huniuma. Nimeona wanaume wazima, wenye vilemba, wakipiga magoti mbele ya mwanamke na kumwita mwinyi, kwa sababu wanaamini anayesema si yeye. Mwanamke huyo huyo kesho yake akiomba kipande cha sabuni anaambiwa ana makelele.

Na pepo akikataa kujitaja? Shamte alikwishasema: pepo bubu ni hatari, mwele wake hufungwa asije akajitupa kisimani. Nilimwona Muhsin kwa macho yangu akiingiza mkatale bandani. Ni gogo zito lililotobolewa matundu, miguu ikishaingia humo na kabari ikapigwa, mtu hasimami tena. Nilimjua mwanamume mmoja aliyewekwa kwenye gogo kama lile mpaka miguu ikamkauka. Aliingia ana huzuni, akatoka hana akili. Kwa hiyo siku ya ngoma sikuwa na shaka na kilichokuwa kinatungoja: ama Zuleikha atoe jina la kuwaridhisha, ama jua lizame miguu yake ikiwa kwenye matundu yale.

Ngoma ilianza asubuhi, uani kwa Bi Mwanamkuu. Wanawake wa Baleni walijaa, maana ngoma ya pepo haikosi watu. Katikati kiliwekwa chano, sinia la mbao la kumkaribisha pepo, ambaye ngomani huitwa mgeni: miwa, ndizi, mayai, halua, chupa ya marashi. Zuleikha alifunikwa shuka jeupe, chetezo cha ubani kikapitishwa chini ya shuka mpaka akakohoa. Wapiga ngoma walikaa kwenye jamvi lao wakapiga, wakapumzika, wakapiga tena. Adhuhuri ikapita. Watu walinong'ona kwamba anatikisika, mgeni anakuja. Alikuwa anatikisika kweli, lakini kutikisika kwa njaa nakujua.

Shamte akainama karibu naye. "Karibu, mgeni wetu. Jina lako nani?"

Akamsogezea chetezo tena.

"Jitaje, mwinyi. Chano chako kimewekwa, ngoma yako imepigwa. Wewe nani?"

"Zuleikha binti Sleyum," ikasema sauti chini ya shuka.

Shamte akatikisa kichwa, akawageukia watu. "Anajificha nyuma ya jina la huyu aliyempanda. Pigeni!"

Wakapiga mpaka ngozi za ngoma zikalegea, zikapelekwa motoni kukazwa, zikarudi. Shamte akainama tena. "Haya, mgeni. Jina umelificha, basi taja haja yako. Wataka nini?"

"Nataka kuonyeshwa mwanangu alipozikwa."

Muhsin, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, akaja mbele akapiga magoti. "Ewe mwinyi," alisema, na unyenyekevu ule sijapata kuusikia akisema na mkewe, "kama haja yako ndiyo hiyo, nitakupeleka sasa hivi. Taja jina lako tu, umwache mke wangu salama."

Wallahi nilitaka kumpiga kofi. Miezi yote ile mke ameuliza kwa jina lake hakupata jibu, na leo akidhaniwa shetani anapata msindikizaji. Lakini nilikuwa naufikiria mkatale. Nikasogea kwenye shuka nikanong'ona, "Mwari wangu, taja jina lolote. Sema wewe sultani wa baharini, sema utakavyo. Utakwenda umwone, na gogo hutalikanyaga."

Aliondoa shuka usoni mwenyewe. Jasho lilikuwa linamtiririka na macho yamekuwa mekundu kwa moshi, lakini yalinitazama mimi. Kwa muda mrefu macho yale yalikuwa hayamtazami mtu.

"Nikienda kama pepo, atakayeonyeshwa ni pepo," alisema. "Nimemzaa mimi, somo. Sikumzaa kwa niaba ya mtu." Kisha akamgeukia mumewe. "Muhsin, ni mimi ninayekuuliza. Utanipeleka?"

Na Muhsin, aliyekuwa tayari kumsindikiza shetani, akamtazama mama yake.

"Pepo huyu ana kichwa kigumu," akasema Bi Mwanamkuu. "Mpelekeni bandani."

Matusi ninayajua, na siku nyingine ningeyamwaga yote pale uani. Lakini nilikumbuka kwamba mimi ni somo, na somo ana haki ya kusema kwa ajili ya mwari wake mbele ya watu. Nikalivuta jamvi la wapiga ngoma, ngoma moja ikabingirika, nikalitandika mbele ya Zuleikha. Nikajifunika kanga mpaka kwenye nyusi, nikakaa kitako kama wanavyokaa waliofiwa, nikasema kwa sauti ya kufika njiani, "Zuleikha binti Sleyum, umefiwa na mwanao. Makiwa."

Mnajua uzito wa neno lile. Likishasemwa, nyumba imekuwa ya msiba, na mwanamke aliyemo hatoki bila kukaa na kusema lake. Atokaye hivi hivi atatajwa kwa hilo maisha yake yote, na akifiwa yeye atakaa na jamvi lake tupu. Wale wanawake walikuja ngomani wamevaa kanga mpya, wengine wamejipaka liwa, na sasa walijikuta wamesimama matangani. Wakatazamana. Nikawauliza, "Nani anatoka?"

Wa kwanza kukaa alikuwa jirani wa ukuta wa nyuma, ambaye aliusikia uzazi ule tangu mwanzo mpaka mwisho na hakupata kusema lolote. "Makiwa, mwanangu," alisema. Mwingine akakaa. Mwingine akamshika mikono yote miwili asiiachie. Zuleikha aliwatazama kwa zamu kama haamini, kisha mdomo ukampinda, akalia. Alilia kile kilio walichomkataza, cha sauti, cha makamasi, na wanawake wakalia naye, na wengine mle nadhani walikuwa na wa kwao wa kuwalilia.

Shamte akawaashiria wapiga ngoma waache. "Bi Kidawa," aliniambia kwa sauti ya chini, "hii si kazi yangu tena."

"Tangu asubuhi haikuwa yako," nikamjibu.

Bi Mwanamkuu peke yake alibaki wima. "Mnafanya nini nyie?" akapaza sauti. "Asiyelia hana matanga! Mimi wangu walikuwa wawili, na nani aliniambia makiwa? Mbona nilinyamaza? Mbona niliamka nikatwanga?" Nilikuwa na hasira naye, na ninayo mpaka leo, lakini neno lilinitoka lenyewe. "Makiwa, Bi Mwanamkuu." Aliingia ndani akafunga mlango, na sote tulisikia komeo.

Nikamgeukia Muhsin. "Nawe pia, baba wa mtoto. Makiwa."

Bado alikuwa amepiga magoti pale pale alipompigia pepo. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mchanga, mabega yakamtikisika. Aliposema, alisema na mke wake. "Yuko shambani, nyuma ya kisima, chini ya mkanju. Huwa nakwenda kila Ijumaa nikitoka kusali."

Kila Ijumaa! Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe yeye alikuwa na pa kwenda. Alikuwa na jiwe la kutazama na udongo wa kushika, akirudi nyumbani anakula wali, na mwenzake amekaa ukutani anaitwa mwendawazimu kwa kukosa kile kile. Nilimwambia hayo yote, palepale, mbele ya watu.

Nawahi kusema kitu hapa kabla sijaendelea, maana najua watu wanavyopenda hadithi ziishe upesi. Zuleikha hakupona siku ile. Uzito ule haukuvuliwa kama kanga. Ulipita mwaka mzima wa mimi kwenda kumwamsha, kumkalia mpaka ameze uji, kumtoa nje tutembee mpaka minazi ya mwisho na kurudi, na jirani yake kumsikiliza akisema jambo lile lile jana na leo. Siku nyingine alirudi ukutani, nasi tukakaa naye hapo ukutani. Kazi hiyo haina ngoma wala chano, ndiyo sababu hakuna anayeisimulia. Wao wanasimulia kwamba Shamte alimtoa pepo. Mkatale Muhsin aliupasua kuni mwenyewe, na hilo nalo hawalisimulii.

Basi alasiri ile ile tukaenda shambani. Zuleikha alitembea katikati, mimi nimemshika upande mmoja na jirani upande mwingine, Muhsin mbele. Wanawake walitufuata mpaka kwenye uzio, wakasimama hapo kwa adabu. Nyuma ya kisima, chini ya mkanju, palikuwa na kirundo kidogo cha udongo na jiwe la tumbawe upande wa kichwani. Majani yalikuwa yamepaliwa vizuri. Muhsin alisimama kando, mikono hajui aiweke wapi.

Zuleikha akakaa chini. Aliweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo. Kisha akainua uso.

"Muhsin," alisema. "Ni wa kike au wa kiume?"

Walimfukiza ubani, walimnywesha zafarani, walimpanua macho kwa vidole, walimpigia ngoma tangu asubuhi wakitafuta jina la pepo, na katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mwanamke huyu amezaa nini.

Muhsin akasogea hatua moja. "Wa kike," akasema. "Alikuwa na nywele nyingi."

"Kaa chini," akasema Zuleikha. "Nieleze yote. Anzia hizo nywele."

Muhsin akakaa mchangani karibu naye, akaanza kumweleza.